Mpishi wa Keki na Juisi ya Mchunga

Jikoni kwa Mpishi huingii mpaka uvue viatu, unawe mikono kufika viwikoni, na useme kweli ya ulichokula jana. Viatu na mikono havikunipa tabu. Hilo la tatu ndilo lililokuwa likinitoa jasho, kwa sababu mimi ni mtu wa kupenda mahamri, na uongo wa mahamri hausemeki mbele ya mtu aliyeoka maisha yake yote. Alikuwa akikutazama tu, kisha anauliza, "Mangapi?" Nami nasema, "Mawili." Yeye anazidi kunitazama. "Manne, Mpishi." Hapo ndipo anapokupa kisu ukate matango.

Jina la mzee huyu ninalijua, ila sijawahi kulitumia na sitaanza leo. Mtaa mzima tulimwita Mpishi, na hata bintiye aliyeolewa Msambweni alimwita hivyo akiwa amekasirika. Alizaliwa wapi na babake ni nani, hayo sikuuliza. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Ukunda, na abiria tunawajua kwa mambo mengine: wanavyokaa, wanavyosalimia, wanavyonyamaza. Mpishi alikuwa akikaa katikati ya kiti cha nyuma, mgongo wima, kikapu magotini. Ukimwambia shikamoo anaitika marahaba kwa ukamilifu, kisha anauliza habari ya mama watoto, habari ya watoto, habari ya gari, kwa mpango uleule kila siku. Ukiharakisha jibu, anarudia swali. Nilimbeba kutoka kwake Mvindeni kwenda sokoni karibu kila asubuhi, kwa miaka.

Kabla ya kustaafu alikuwa akioka keki katika hoteli moja ya Diani. Aliwatengenezea wageni keki za harusi za ufukweni, za ghorofa tatu, katika joto lile ambalo siagi inayeyuka ukiitazama. Sukari ya mwilini, alisema, aliipata huko: kijiko cha krimu, kijiko cha karameli, kuonja tu, kuonja tu, miaka nenda miaka rudi. Daktari alimwambia ugonjwa huo una sababu nyingi na si lazima iwe keki. Mpishi alikataa. Alitaka awepo mtu wa kulaumiwa, na akajilaumu mwenyewe.

Basi akaacha, na hakuacha nusu. Aliacha sima, wali, chapati, mihogo, viazi, soda, maji ya miwa, hata dafu, na mtu wa pwani kuacha dafu ni jambo la kusimuliwa. Akabaki na samaki, mayai, kuku, mboga za nazi, na juisi. Juisi yenyewe si hii ya maembe na pasheni. Ilikuwa ya majani: mchicha, tango, figili, kipande cha tangawizi, ndimu, chumvi kidogo, na mchunga, ile mboga chungu ambayo bibi zetu waliichemsha, wakamwaga maji ya kwanza, wakamwaga na ya pili, ndipo wakaipika na nazi. Mpishi hakumwaga kitu. Aliusaga mchunga mbichi kwenye blenda, wala hakuchuja, kwa kuwa ukichuja, alisema, umebaki na rangi tu.

Mimi nilipoambiwa nina sukari nilikuwa na miaka arobaini na saba. Sikumwambia mtu kwa wiki nzima, hata mke wangu. Mama yangu alikuwa na ugonjwa huohuo. Alikatwa mguu juu ya goti, na baada ya hapo alikaa miaka miwili kwenye kiti cha plastiki barazani akiomba watu wamsogezee vitu. Kufa sikukuogopa sana, kufa kuna zamu yake. Niliogopa kile kiti. Breki ya tuktuk iko mguuni, na mimi kazi nyingine siijui.

Siku ya nane nilimwambia Mpishi tukiwa njiani, bila kugeuza kichwa.

"Kliniki wamekupa vidonge?" akauliza.

"Wamenipa."

"Unameza?"

"Nimeviweka."

"Geuza gari."

"Mpishi, sokoni hatujafika."

"Soko halihami. Twende kwako, uvimeze nikiwa nimesimama. Halafu twende kwangu ukanawe mikono."

Kikombe cha kwanza nilikinywa nimeshika ukingo wa meza. Wallahi sijapata kuonja kitu kichungu vile. Ulimi ulikufa ganzi, macho yakanitoka maji, nikawa nawaza kwamba huenda sukari yenyewe ina nafuu. Mpishi alikuwa akinitazama kwa upole kabisa. "Kesho itakuwa chungu zaidi," akasema, "kwa sababu kesho utakuwa unaijua." Na ikawa hivyo kweli. Lakini baada ya wiki mbili tatu mdomo ulizoea, na ikifika saa nne asubuhi bila kikombe kile naona siku haijaanza.

Alikuwa na maneno yake ambayo sisi wanywaji tuliyarudia mpaka yakawa yetu. "Juisi si dawa, juisi ni adabu." Hilo alilisema kila mara mtu alipouliza kama sasa anaweza kuacha vidonge. "Tunda ni la kutafuna, si la kunywa," hilo ni la wale waliotaka awatilie japo nusu embe kupunguza uchungu. Karoti aliichukia. Mke wangu aliwahi kumpelekea karoti nzuri, bado zina majani, na alizirudisha kwa heshima zote. "Mwambie mama watoto ahsante sana, lakini hii ni keki iliyozikwa." Muuguzi wa kliniki alituambia karoti moja haina neno. Mpishi hakubishana na muuguzi. Aliendelea kuzirudisha tu.

Juisi hakuiuza. Anayetaka kunywa alete majani, basi. Ukija na fungu la mchicha unakunywa, ukija mikono mitupu unakunywa pia lakini unaosha blenda, na blenda ya Mpishi ilioshwa mara tatu, kila kisu chake na kila mpira wake, kama alivyofundishwa jikoni hotelini. Tulikuwa watu wanane au tisa: askari wa lango wa villa moja, mwalimu wa madrasa, fundi wa mabomba, na hata mama anayeuza mahamri kona yetu, ambaye aliwatia watu sukari asubuhi na kuja kuitoa yake saa nne. Mpishi hakumwambia aache biashara. Alimwambia tu asionje. "Mimi ndiye ninayejua," akasema.

Wakati mwingine ukali wake ulituchekesha. Kuna mama mmoja mgeni aliyepanga nyumba Diani kwa wiki mbili, akasikia habari za juisi za Mpishi, akamwita. Nikampeleka na kikapu chake. Yule mama alitaka kusafisha mwili, na akataka usafishwe kwa nanasi, embe, tende na asali. Mpishi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha kwa Kiingereza chake cha hotelini, taratibu, akamwambia kwamba hiyo ni keki isiyotiwa unga, na kama anataka keki yeye anaweza kumwokea iliyo nzuri zaidi. Mama akacheka, akadhani ni mzaha. Kesho yake akaletewa kikombe cha mchunga. Siku ya tatu hatukuitwa. Njiani Mpishi alikuwa mchangamfu, akaniuliza kama niliuona uso wake alipokunywa.

Lakini na yeye alikosea, na makosa yake mengine yalikuwa makubwa. Hapa kwetu ukialikwa harusini au hitimani unakula sinia moja na wenzako wanne au watano. Mwanzoni Mpishi alikuwa akienda na bakuli lake dogo lenye mfuniko, samaki na mboga, na watu wakipakuliwa pilau yeye anafungua lake. Kwake hiyo ni adabu, asimsumbue mwenyeji. Kwa mwenyeji lilikuwa tusi. Mtu anayekuja na chakula chake kwenye shughuli yako anasema nini, kama si kwamba anaogopa utamlisha kitu? Mzee mmoja alinuna nusu mwaka. Mpishi alipotambua, alikwenda kumwomba radhi, na tangu hapo akawa anakaa kwenye sinia kama wote, mkono unakwenda na kurudi. Ila ukichunguza, wali ulikuwa ukisukumwa upande wa jirani na nyama yote inakuja kwake. Ikawa tukifika mlangoni tunaulizana, leo nani anakaa na Mpishi, na aliyekaa naye alirudi nyumbani ameshiba wali mtupu.

Mke wangu alimwona adui kwa miezi mitatu. Kwao, mume asiyekula sima hajala, na mume ambaye hajala ni aibu ya mke. Nilipoanza kuisogeza sima pembeni, alinyanyua sahani bila neno, na jioni hizo vyombo vikawa vinaoshwa kwa kelele. Mpishi akapata habari. Akaja mwenyewe, akapiga hodi, akaomba ruhusa ya kukaa jikoni kwa mke wangu, na ruhusa yenyewe akaiomba mara tatu mpaka mke wangu akaona haya.

Akapika samaki changu wa nazi na mchunga uliochemshwa, akampa mke wangu aonje kabla yangu.

"Mama, mimi sikunyang'anyi mumeo," akamwambia. "Nakuomba umpikie zaidi, si kidogo. Ondoa sima, ongeza samaki."

"Samaki ni ghali kuliko unga, Mpishi."

"Hilo kweli," akasema, na akafikiri kidogo. "Basi siku ya samaki samaki, siku ya dagaa dagaa, na siku ya yai liwe yai. Usimpe mboga peke yake, atatoka usiku kutafuta mahamri."

Mke wangu akanigeukia. "Kumbe huwa unatoka?" Nilimchukia Mpishi kwa siku mbili nzima. Ya tatu mke wangu ndiye aliyenituma nimpelekee mchunga.

Na mtu huyuhuyu, anayekuhukumu kwa mahamri manne, nyumba yake ilinukia vanila kila siku ya harusi. Keki hakuacha kuoka. Jirani akioza binti, Mpishi anaoka. Idd ikifika, anaoka trei mbili za kugawa. Alikuwa haonji hata chembe. Alimwita mke wangu aonje, na yeye akimtazama usoni anajua kama sukari imezidi au chumvi imepungua. Niliwahi kumkuta peke yake, amemaliza kuikata keki ya bibi harusi kuisawazisha, ameunyanyua ule msumeno wa mkate, kisu chake chenye meno, umejaa makombo, na kuunusa. Aliunusa muda mrefu, amefumba macho. Kisha akautia kwenye maji. Nilirudi nyuma mpaka mlangoni nikapiga hodi upya, kama ndiyo kwanza nafika, na roho iliniuma kwa ajili yake.

Kila Ijumaa tulikuwa na desturi. Kila mnywaji anataja namba yake, ile iliyosomwa kwenye kile kimashine cha kudunga kidole. Hakuna kuchekana. Ikipanda unaulizwa ulikula nini, ikishuka sana unaulizwa ulikula nini, na aliyeficha namba anafukuzwa jikoni mpaka Ijumaa ya pili. Fundi wa mabomba alifukuzwa mara mbili. Mimi mara moja, na nilikaa nje kwenye ngazi nikisikia wenzangu wanacheka ndani, nikajiona mnyonge kabisa. Sasa nikikumbuka naona jambo ambalo lingetakiwa kutushangaza siku zote hizo. Namba za watu wote zilitajwa. Ya Mpishi hakuna aliyemuuliza.

Halafu Mpishi akaacha kwenda msikitini.

Si kwamba aliacha kusali. Lakini huyu alikuwa mtu wa safu ya kwanza, anayefika kabla ya adhana. Ghafla Ijumaa ya kwanza hayupo, ya pili hayupo, ya tatu watu wakaanza kupata la kusema. Wengine walisema amegombana na imamu. Wengine wakasema amebadili itikadi, anasali na kikundi kingine huko Diani. Mwalimu wa madrasa akaja kuniuliza mimi, kwa kuwa ndiye ninayembeba. Nikamuuliza Mpishi. "Nina magoti," akajibu. Magoti yake yalikuwa mazima. Nilimwona akichuchumaa sokoni kuchagua tango la chini kabisa.

Kisha viatu. Alianza kuvaa vile viatu vyeusi vya jikoni hotelini, vya kufunika, na soksi nene, katika joto letu hili. Jikoni sisi tunavua, yeye amevaa. Tukadhani ni uzee. Halafu akaanza kujipaka marashi ya waridi, mengi, na tuktuk yangu ikawa inanukia kama chumba cha bibi harusi.

Chini ya marashi yale palikuwa na harufu nyingine. Mimi naijua. Niliishi nayo miezi minane nyumbani kwa mama yangu kabla hajakubali kupelekwa hospitali. Mara ya kwanza kuisikia nilijiambia ni samaki wa kikapuni. Mara ya pili hapakuwa na samaki. Na bado sikusema kitu kwa wiki mbili. Najionea aibu kwa wiki mbili hizo mpaka leo. Mke wangu nilimwambia, na yeye akasema mficha maradhi kilio humuumbua, nenda kamuulize. Nikasema Mpishi si mtu wa kuulizwa.

Asubuhi moja nilifika kumchukua, nikapiga hodi mara tatu bila kuitikiwa. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, mguu wa kushoto ndani ya beseni la maji ya chumvi, soksi iko sakafuni. Kidole kidogo na kile cha pili yake vilikuwa vyeusi, na chini yake pana shimo. Sitaeleza zaidi.

"Toka," akasema alipoinua macho.

"Tangu lini, Mpishi?"

"Toka nje. Hujanawa mikono."

Nilikaa sakafuni karibu na beseni. "Tangu lini?"

"Kilikuwa kilengelenge tu. Kiatu kilinibana."

"Na kliniki wanasemaje?"

Alichota maji kwa kiganja, akaumwagia mguu.

"Mara ya mwisho kwenda kliniki ni lini?"

"Nikienda kule nawakuta nyinyi," akasema. "Mama mahamri yupo, fundi yupo, wewe upo. Mnanipisha kwenye foleni. Mpishi pita mbele, Mpishi pita mbele. Nipite mbele nikapimwe, muuguzi aisome namba kwa sauti, ionekane ni kubwa kuliko zenu?" Alisogeza mguu ndani ya maji. "Ilikuwa imeanza kupanda. Nikaona niishushe kwanza, ndipo niende. Nikaongeza mchunga. Haikushuka. Mwaka umepita, na zaidi."

"Na vidonge?"

"Viliisha. Vidonge vinatolewa kulekule."

Ndipo nikaelewa habari ya msikiti. Kwenye mabomba ya kutawadhia watu wanakaa safu moja, suruali zimekunjwa, miguu wazi, na hakuna mahali pa kuficha kidole. Mtu wa safu ya kwanza aliiacha sala ya jamaa, akasali peke yake chumbani, kwa ajili ya vidole viwili. Nasi tulikuwa barazani tukimzulia ugomvi na imamu.

"Wakiuona mguu huu watamwaga juisi," akasema. "Watasema kumbe hata yeye. Wengine watarudi kwenye soda, wengine watakwenda kwa yule mwenye kipaza sauti anayeuza chupa za kuponya kwa siku saba. Niapie hutasema."

Sikuapa. Nilimfuta mguu kwa taulo safi, nikamfunga kitambaa, nikamvisha soksi. "Twende," nikamwambia, "tunachelewa sokoni."

Akachukua kikapu chake, akakaa katikati ya kiti kama kawaida. Sokoni tulipofika sikupunguza mwendo.

"Umepita soko," akasema.

"Nimepita."

"Mbele hakuna soko."

"Kuna la Msambweni."

Tuktuk yangu si gari la safari ile, barabara kubwa, malori yanatupita mpaka turubai inapiga kelele. Nilikuwa nikisubiri aanze kunifokea, na kama angeamuru nisimame sijui ningefanya nini, kwa maana sijawahi kumkatalia. Tulipokaribia Gazi ndipo aliposema.

"Mama yako alichelewa kwa sababu gani?"

"Alikuwa akingoja Idd ipite," nikasema. "Alitaka awapikie watu kwanza."

Tukafika langoni pa hospitali ya Msambweni. Pale alinipa kikapu nimshikie, akashuka mwenyewe, akaingia bila kugeuka nyuma.

Walimkata vile vidole viwili na kusafisha kidonda. Mguu ukabaki. Daktari alimwambia bintiye kwamba angekawia kidogo tu tungekuwa tunazungumza habari ya goti. Alilazwa wiki nyingi, akatoka, akakaa Msambweni kwa bintiye huyo. Mimi nilikwenda kumtazama mara mbili. Mara zote mbili binti alitoka kibarazani, macho chini, akaniambia Mpishi amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi, na nilikuwa nikisikia blenda inanguruma ndani.

Mara ya pili nilirudi Ukunda na uchungu mkubwa. Nilikuwa nimeuokoa mguu na nimempoteza mwenyewe. Mtaani nako maneno yalienea, wala si kwa mdomo wangu. Hospitali ina watu wa kwetu wengi. Mganga hajigangi, walisema, na wengine walilisema wakicheka. Fundi wa mabomba akarudi kwenye soda, na vidonge akaviacha pamoja na juisi, kwa hasira, kana kwamba vyote vimemdanganya. Mwalimu wa madrasa akawa hataji tena namba yake kwa mtu. Mimi nilisaga mchunga wangu nyumbani, ukatoka mbaya kuliko wa Mpishi, nikawa nakunywa peke yangu nimesimama.

Karibu nusu mwaka ulipita. Ijumaa moja nilikuwa kwenye mabomba ya msikiti wetu, nimekwisha nawa uso na mikono, mtu akaja kukaa bomba la pili yangu. Mkongojo ukaegemezwa ukutani. Nikatazama mkono uliofungua bomba, nikaujua kabla sijaona uso.

"Shikamoo, Mpishi."

"Marahaba."

Basi, akaendelea kutawadha. Akanawa viganja, akasukutua, akanawa uso, mikono, akapaka maji kichwani, yote kwa utaratibu wake. Akavua kiatu cha kulia, akaosha mguu. Kisha akavua cha kushoto, polepole, akavua na soksi akaiweka juu ya goti, akaunyoosha mguu chini ya maji. Una vidole vitatu, na pembeni kovu refu limepona vizuri. Mabomba yalianza kufungwa, moja baada ya jingine, mpaka likabaki lake peke yake likitoa maji. Tulikuwa watu kumi hivi, na fundi alikuwepo, na mwalimu alikuwepo. Wote tuligeuza macho kwa adabu.

"Msitazame ukuta," akasema, na ilikuwa sauti yake ya jikoni. "Tazameni hapa. Juisi nilikunywa kila siku. Kliniki sikwenda, niliona haya mbele yenu. Hivi viwili vimekwenda na haya."

Fundi alikuwa ameinama, anautazama ule mguu kweli, kama alivyoambiwa.

"Jumatatu nakwenda kupimwa," Mpishi akamwambia yeye. "Saa mbili. Utakwenda na mimi, na hakuna wa kunipisha mbele."

"Nitakwenda," fundi akasema.

Mpishi akafunga bomba, akajikausha, akachukua mkongojo. Mimi nilikuwa bado nimekaa na mguu mmoja haujaoshwa. Akanisubiri nimalize, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

"Nilikuapisha," akasema, kwa sauti ya chini sasa, "na hukuapa."

"Sikuapa, Mpishi."

"Nilikukasirikia kwa hilo zaidi kuliko kwa vidole." Akatazama sakafu yenye maji kati yetu na mlango. "Njoo huku. Hapa panateleza."

Nilisimama upande wake wa kushoto. Akanishika bega, akaniachia uzito wake wote, tukaingia.